Ukoo wa Kuazima

Jumatatu, 4 Agosti

Edinah amepiga simu kutoka Bokoli. Baba yake amekubali kuniona Jumamosi. Hatimaye! Miaka miwili nimengoja. Mzee Kizito ana swali moja tu kabla ya kuniruhusu kumwoa binti yake: mimi ni mtoto wa nani, wa ukoo gani? Nikamwambia Edinah hilo ni dogo.

Si dogo. Mimi ni Noah Wepukhulu, mjukuu wa Wepukhulu aliyekuja Saboti kulima shamba la mzungu. Nyuma ya hapo sijui mtu.

Nikakosea, nikamweleza Kipsang, tunayeuza naye mbegu na dawa za ng'ombe hapa Kitale. Akatua gunia la mbolea, akataja mababu zake tisa bila kuvuta pumzi. "Wewe bana, ata babu wa tatu huna?" Wateja walisikia. Niliona aibu hadi nikampa dawa ya kupe mtu aliyetaka ya minyoo.

Jumanne, 5 Agosti

Nina mpango. Mteja mmoja anasema Kanduyi kuna boma kubwa la akina Wepukhulu. Watu wa heshima: walimu, makarani, kasisi mmoja. Mkubwa wao, Mzee Sifuna, ameandika ukoo wote kwenye daftari. Jina ni moja. Nani atanikataa?

Mama amepiga simu kutoka Saboti, anataka kuniambia jambo kuhusu babu. Nimemwambia sina nafasi, niko mbioni kumtafuta babu.

Alhamisi, 7 Agosti

Kanduyi. Kazini nimesema jino linauma.

Mzee Sifuna amepita miaka themanini na bado macho ni makali. Akauliza babu yangu alitahiriwa na rika gani. Jasho! Nikamuuliza yeye anadhani rika gani. Akataja. Nikasema hilohilo.

Akafunua daftari, kidole kikasimama. Kaka mkubwa wa baba yake, naye Wepukhulu, alikwenda mashamba ya wazungu akiwa kijana. Hakurudi. Mama yake alimwekea chakula kila jioni mpaka akafa. Mzee akavua miwani, akalia. Akasema kumbe aliacha mjukuu.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli kwamba sina hakika. Sikusema. Akaniandika kwa wino, akanipa kuku jike. Naona aibu. Kuku nimemchukua.

Jumamosi, 9 Agosti

Siwezi kuandika vizuri.

Mzee Sifuna alisisitiza kunisindikiza Bokoli. Mama yake Edinah, Phelista, alikuwa jikoni, mlango umefungwa, kama desturi ilivyo. Mama mkwe na mkwe hawapeani mikono, hawatazamani usoni, sembuse kula meza moja. Nilifurahi. Kujificha kwake kulimaanisha nimeshaanza kuhesabiwa mkwe.

Mzee Kizito akauliza swali lake. Nikataja mababu saba wa Kanduyi bila kukosea hata mmoja.

Mara mlango wa jikoni ukafunguka. Phelista akatoka mbio, unga mikononi, akanikumbatia mbele ya wazee wote. "Kumbe wewe ni ndugu yangu!" Amezaliwa boma lile la Kanduyi. Baba yake na Mzee Sifuna ni ndugu. Naye Mzee Sifuna alikuwa anatabasamu tu, kwa sababu habari za kuoa sikumtajia, nisionekane nimefuata jina. Alidhani nakwenda kumsalimia dada yangu.

Kwa hiyo mimi ni mjomba wa Edinah. "Ati uncle?" Edinah akauliza, akatoka nje. Mzee Kizito akasema kwa upole kwamba mjomba haoi mtoto wa dada yake, karibu chakula. Nikakaa meza moja na Phelista, akinimegea ugali.

Edinah anasema mwaka jana aliniambia mama yake alizaliwa wapi. Sikumbuki. Pengine nilikuwa naongea.

Jumapili, 10 Agosti

Saboti, kwa mama. Nikamweleza yote. "Si ungeniuliza tu?"

Jambo lenyewe ni hili. Enzi za mkoloni kila kibarua alivaa shingoni kipande, yaani kitambulisho cha kazi, chenye jina lake na la mwajiri wake. Babu alimtoroka bwana mmoja mkali, hangeweza kuandikwa kazi tena kwa kipande chake. Mwenzake akafa kwa homa hapa Saboti. Babu akamzika kando ya mto, akavaa kipande chake, na jina lake pia. Marehemu aliitwa Wepukhulu, mtu wa Kanduyi. Jina la kweli la babu lilikuwa Wabwile. Wabwile wa wapi, hakusema kamwe.

Yaani yule kijana aliyewekewa chakula amelala kwetu miaka yote hii, na mimi nimekwenda kwao kujifanya mjukuu wake. Sijawahi kuona aibu kama hii. Sikutaka hata chai.

Jumanne, 12 Agosti

Mama amenipeleka Kanduyi mwenyewe, kama mtoto aliyevunja dirisha la jirani. Aliongea yeye. Mzee Sifuna akachukua rula, akakata jina langu kwa mstari ulionyooka. Juu yake, penye jina la Wepukhulu aliyepotea, akaandika: Saboti, kando ya mto. Akamshukuru mama kwa mikono miwili. Mimi hakunishukuru. Wiki ijayo watakuja kuliona kaburi.

Kuku hakumtaja. Mimi pia sikumtaja.

Edinah amepokea simu yangu. Amesema alikubali kuolewa na mimi, si na mababu saba. Nije Jumamosi na mama, niseme ukweli, halafu ninyamaze.

Jumamosi, 16 Agosti

Bokoli tena. Mambo yalianza vizuri! Nikaomba msamaha. Mama akaeleza habari za kipande. Mzee Kizito akasema anayekiri kuwa hajui ni afadhali kuliko anayedanganya. Wazee wataulizia polepole huyu Wabwile alikuwa nani, na uchumba uendelee. Phelista akanisalimia kupitia mlango wa jikoni uliofungwa. Sijawahi kufurahi hivyo kusalimiwa na mlango.

Chakula kikaja. Edinah akanitabasamia. Mzee Kizito, katika kuongea tu, akasema hata hapa Bokoli zamani kulikuwa na Wabwile mmoja, mtu mkubwa, mashuhuri, kila mtu alimjua.

Mkubwa. Mashuhuri.

Nikasema huyo ndiye babu yangu. Mama akanifinya. Mzee akauliza kama nina hakika. Nikasema kabisa, hata pua ni ileile.

Mzee akaacha kula. Wabwile yule alikuwa nyapara wa mkoloni. Alichukua ng'ombe wawili wa babu yake Edinah, kisha akampeleka kazi ya lazima, naye babu akarudi mguu mmoja umekufa. Babu huyo aliacha neno kwamba mtu wa damu ya Wabwile asile katika nyumba hii milele. Wote wakanitazama. Nilikuwa na paja la kuku mdomoni.

Jumapili, 17 Agosti

Mama hasemi nami. Edinah hapokei simu. Najionea haya hata kuwasha taa.

Lakini Kipsang anasema Chwele kuliwahi kuwa na Wabwile mwingine, mzee wa kanisa, mpole, hakugombana na mtu maisha yake yote. Kwao wana picha yake ukutani. Kesho jino litauma tena. Nitafika kabla ya saa nne, nikaione hiyo pua.