Vanadiamu na Mlango wa Mwalimu Mkuu

Jumatatu, 3 Machi

Cheo cha mkuu wa idara ya sayansi kiko wazi. Bodi ya shule inakaa Alhamisi. Tunaowania ni wawili: mimi, miaka kumi na mmoja ya kemia na koti lile lile, na mwalimu wa biolojia, ambaye wanafunzi wanamwita Darubini kwa kuwa hakuna kinachompita. Nakitaka cheo hiki hadi nimekosa hamu ya kula. Nimekula bila hamu, sahani mbili.

Leo maktabani nimepata mwanga. Vanadiamu, ile elementi ya metali, kumbe ilipewa jina la Vanadis, jina jingine la Freya, mungu wa kike wa uzuri wa watu wa kale wa kaskazini, kwa sababu ya rangi zake nzuri. Wanakemia walioitafuta wakataniana: Vanadis alikuwa ndani kwake, mwanakemia mmoja akabisha mara moja, akaona kimya, akaenda zake. Mwingine akabisha, akabisha, hadi akafunguliwa, na ugunduzi ukawa wake. Yule wa kwanza ni mimi mtupu! Nimepeleka barua ya maombi nikakaa kusubiri. Kesho naanza kubisha.

Jumanne, 4 Machi

Nimebisha kwa mwalimu mkuu mara nne. Kila mara akaniuliza nina shida gani, nami nikasema nimekuja kumsalimu. Mara ya nne alinijibu bila kuinua kichwa. Dalili njema. Tumeshazoeana.

Mke wangu anasema mtu aliyelelewa vyema akipiga hodi tatu bila kujibiwa hurudi kwake. Nikamwambia ndiyo maana hatuvumbui kitu. Akaniuliza mimi nimevumbua nini. Nikaenda kuoga.

Jumatano, 5 Machi

Mara saba. Karani amehamishia meza yake mbele ya mlango. Nimebisha kwa kupitisha mkono juu ya kichwa chake.

Mpango wa kesho: bodi ikipita maabara, nitamvisha Vanadis nguo nne mbele yao. Maji ya manjano ya vanadiamu yenye asidi, natia unga wa zinki, yanageuka buluu, kijani, mwishowe zambarau. Darubini ataonyesha jani. Namhurumia.

Alhamisi, 6 Machi

Aibu. Nilianza na habari za Freya, zikaninogea. Gari lake la kukokotwa na paka, mkufu wake, machozi yake ya dhahabu. Zinki nikaisahau mkononi. Dakika ishirini bodi nzima ilitazama chupa ya kitu cha manjano. Mwenyekiti akauliza kwa upole kama kuna mtu anaumwa. Darubini akatazama dari.

Walipoondoka ndipo nikatia zinki. Ikaja buluu, kijani, kisha zambarau, nzuri ajabu. Tuliiona wawili tu, mimi na mfagizi. Akauliza kama inafaa kupaka kucha.

Sikukata tamaa. Bodi ilikuwa imejifungia ofisini kwa mwalimu mkuu. Nikabisha. Kimya. Nikabisha. Karani akanishika mkono, nikabisha kwa ule mwingine. Dakika kumi! Mlango ukafunguka, akatoka mwalimu mkuu mwenyewe.

"Mwalimu," akaniambia polepole, "tulikuwa tumeshakubaliana ni wewe, kwa miaka yako. Mwenyekiti akauliza ni nani huyo anayetaka kuvunja mlango. Ikabidi niseme."

Akafunga. Nimelia kidogo chooni.

Ijumaa, 7 Machi

Cheo kapewa Darubini. Kanipa mkono bila kunicheka, na hilo ndilo limeniuma zaidi. Mke wangu ameniomba nipumzike, na vitabu pia niviache.

Nimesoma kidogo tu. Thoriamu: mwanakemia aliamini amepata elementi mpya, akaipa jina la Thor, mungu wa radi. Kumbe haikuwa mpya. Jina akaliweka akiba, na miaka zaidi ya kumi baadaye akapata elementi mpya kweli, akaipa jina lile lile. Mtu wa maana hatupi kitu! Makamu wa mwalimu mkuu anastaafu mwezi ujao. Nimechukua barua yangu, nimefuta cheo cha zamani, nimeandika hicho. Mengine yote yanafaa.

Na Thor, nasoma hapa, hakuwa akiachana na nyundo yake. Kosa langu sasa nimeliona: nilikuwa nabisha kwa vidole.