Mheshimiwa Marehemu Haruhusiwi Kula

Serikali ya Jimbo, kwa masikitiko makubwa na kwa fahari isiyo na kifani, ilitangaza kwamba Mheshimiwa Gavana Don Baldomero Iturriaga ameaga dunia jana alasiri akiwa kazini, akilitetea Jimbo dhidi ya homa ya ghafla. Wananchi wote waliamriwa kulia. Wenye maduka wafunge maduka na walie. Wasio na maduka walie popote walipo, ila si barabarani, wasije wakazuia msafara. Tangazo lilipigwa mhuri na kubandikwa kwenye nguzo zote za uwanja wa Santa Brígida, na watu walilisoma wakakubaliana kwamba, la haki lisemwe, lugha yake ilikuwa nzuri mno.

Ilikuwa nzuri kwa sababu marehemu mwenyewe ndiye aliyelisahihisha.

“Hapa umeandika ‘homa’,” alikuwa amesema, ameketi juu ya gunia katika ghala la mahindi nyuma ya jiko la Ikulu. “Weka ‘homa ya kizalendo’.”

“Mheshimiwa, hiyo ni homa ya namna gani?” aliuliza Wakili Fulgencio Pedraza, katibu wake.

“Waache madaktari wahangaike. Wewe andika.”

Sababu za kifo hicho zilikuwa za kiutawala kabisa. Mapinduzi yalikuwa yamechachamaa kote nchini Meksiko, na Jenerali Tiburcio alikuwa anashuka kutoka kaskazini na jeshi lake la farasi. Jenerali huyo alikuwa na tabia ya kuwatundika magavana kwenye nguzo za simu. Don Baldomero alilipima jambo hilo kwa kina, akagundua kwamba gavana aliyekwisha kufa hanyongwi. Hakuna mwanasheria aliyeweza kuipinga hoja hiyo.

Si kwamba alikuwa mtu wa kuyumba. Alimtumikia rais mzee kwa moyo wote mpaka mzee alipokimbia. Akamtumikia aliyemkimbiza mzee. Na huyo alipouawa, akamtumikia aliyemuua, kwa moyo uleule. Kwa ajili ya mabadiliko hayo aliunda Kamati ya Muda ya Kudumu ya Picha ya Ukutani, ambayo kazi yake ilikuwa kutoa uso mmoja kwenye fremu na kuingiza mwingine kabla habari hazijafika sokoni. Marais walikuwa watatu, fremu moja, msumari mmoja. Msumari huo ndio pekee serikalini uliokaa mahali pamoja muda wote huo.

Jeneza lilijazwa mawe. Yalikuwa mawe ya barabara ya kwenda machimboni, iliyozinduliwa mara nne na kutojengwa hata mara moja, kwa hiyo yaliingia kaburini yakiwa mapya kabisa. Gavana aliyatazama mazishi yake kupitia ufa wa ukuta wa ghala. Alihesabu mashada, akaona ni machache, akakasirika.

Kisha akamwona Doña Jacinta Olvera, mfuaji nguo wa mtaa wa bondeni, akilia kuliko wote. Mama huyo alikuwa amejitupa chini kwenye mawe ya uwanja, shali yake imemtoka mabegani.

“Umekufa, bwana!” alipiga kelele. “Umekufa! Sasa nani ataniambia alipo mwanangu?”

Don Baldomero alifuta machozi yake mwenyewe. Jioni ile alimwagiza Fulgencio aongeze kwenye kitabu, sura ya mwisho: “Wanawake wa tabaka la chini walimlilia kama mtoto anavyomlilia baba.”

Kwa maana kitabu kilikuwepo. Kiliitwa *Maisha na Urithi wa Don Baldomero Iturriaga*, na marehemu alikuwa anakitunga kwa kinywa chake, Fulgencio akiandika. Kilikuwa na sura ya utoto wake, sura ya pua yake, na sura tatu za uzinduzi wa stesheni ya treni.

“Mheshimiwa,” Fulgencio aliuliza siku moja, kalamu ikiwa hewani, “na ile treni ya vijana?”

“Treni ipi?”

“Ile ya sarakasi.”

Serikali kuu ilikuwa imedai askari, na Jimbo halikuwa nao. Ndipo Don Baldomero alipotangaza sarakasi ya bure kwa vijana wote wa Santa Brígida. Wakaja, wakacheka sana, hasa alipotokea mchekeshaji na punda wake. Halafu milango ikafungwa, nao wakapakiwa kwenye mabehewa wangali wanacheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Crescencio, mwana wa Doña Jacinta, alikuwa mmoja wao. Treni ilifika kwenye daraja la kwanza la kaskazini, na daraja likalipuliwa. Hakutoka mtu. Afisa wa reli alikuja mwenyewe kumweleza gavana, kofia mkononi. Gavana alikuwa anajiandaa kwa dansi ya sikukuu ya Uhuru, akaamua kwamba habari hiyo, kiutaratibu, bado haijapokewa. Na haikuwahi kupokewa tangu siku hiyo.

“Sura za treni zimetosha,” alisema Don Baldomero. “Tuendelee na pua.”

Jenerali Tiburcio aliingia mjini, akaenda kaburini, akavua kofia mbele ya yale mawe. Alisikitika kwa dhati, maana alikuja na kamba mpya. Kwa kuwa alihitaji mtu anayejua funguo ziko wapi, alimteua Fulgencio kuwa Kaimu Gavana.

Mwanzoni Kaimu alikuja ghalani kila siku. Baadaye akawa anakuja Jumapili. Baadaye akawa anatuma salamu. Aliyebaki kumhudumia marehemu ni Doña Petronila, mpishi, aliyemletea maharage na chapati za mahindi, na akimkuta analalamika humwambia, “Maiti gani hii yenye kuchagua chakula?”

Mwishoni mwa Oktoba majenerali waligombana wao kwa wao, na Tiburcio akaondoka na farasi wake kwenda kumpiga mwenzake. Mji ukabaki bila mwenyewe. Baraza la Jimbo likatangaza kwamba Siku ya Wafu, mara tu kengele ya saa sita mchana itakapolia, Fulgencio Pedraza ataapishwa kuwa gavana kamili.

Don Baldomero aliposikia, asubuhi ya siku yenyewe, aliruka kutoka kwenye gunia.

“Nyoka yule! Kiti changu! Leo ninafufuka.”

“Usifufuke leo, bwana,” alisema Doña Petronila, akikoroga sufuria. “Leo wafu wote wanarudi. Utachanganywa nao.”

“Ndiyo hasa siku yenyewe! Mji wote uko uwanjani kwenye meza yangu. Nitatokea mbele yao kabla ya kengele, watalia kwa furaha, Fulgencio ataaibika. Itakuwa sura nzuri sana.”

Meza ya wafu ya Serikali ilikuwa imeandaliwa mbele ya Ikulu kwa amri ya Kaimu, ili kuonyesha mwendelezo wa uongozi. Kila kaya ilitakiwa kuleta kile alichokipenda marehemu, na katika jambo hilo watu hawakufanya uchoyo, maana wafu ni wafu. Kulikuwa na bata mzinga ndani ya mchuzi mzito wa mole, tamale za unga wa mahindi zikitoa mvuke ndani ya maganda yake, mikate mitamu ya wafu yenye sukari juu, chokoleti ya moto na chupa ya pombe kali ya meskali. Maua ya manjano yalimwagwa njia nzima kutoka makaburini ili marehemu asipotee. Katikati ilisimama picha yake, amevimbisha kifua.

Gavana alitokea kupitia mlango wa jiko. Alikuwa amevaa koti lake la sherehe, na vumbi la mahindi la miezi yote ile lilikuwa limemganda usoni, kwenye nyusi na kwenye masharubu. Alikuwa mweupe kuanzia unyweleni hadi viatuni. Alinyoosha mikono.

“Wananchi wangu! Ni mimi!”

Hakuna aliyezimia. Wazee walivua kofia. Mwanamke mmoja akamsogezea kiti.

“Karibu, Don Baldomero,” akasema. “Njia ilikuwaje? Maua uliyaona vizuri?”

“Maua gani? Mimi ni mzima! Sikufa!”

“Wengi husema hivyo mwaka wa kwanza,” alisema mzee mmoja kwa upole. “Hata shemeji yangu alisumbua. Utazoea tu.”

Harufu ya mole ilimfikia puani, ile pua yenye sura yake, na miezi ya maharage ikamlemea. Akanyoosha mkono kuchukua tamale. Bibi mmoja akampiga kofi vidoleni.

“We! Marehemu hali. Marehemu ananusa.”

“Nina njaa, mama!”

“Nusa basi. Nani kakukataza kunusa? Vuta pumzi, ushibe, kengele ikilia sisi ndio tutakula.”

Don Baldomero aligeuka, akamwona Fulgencio kwenye ngazi za Ikulu, amekwishajifunga ukanda wa ugavana kiunoni.

“Fulgencio! Waambie! Wewe unajua!”

Kaimu Gavana alikohoa. Alishuka ngazi moja, si zaidi.

“Mheshimiwa Marehemu,” alisema kwa sauti ya ofisi, “kifo chako kiko kwenye Tangazo, na Tangazo lina sahihi yako. Mimi kama Kaimu sina mamlaka ya kutengua neno la mwisho la shujaa. Itakuwa ni kukukosea heshima.”

“Sasa mimi mwenyewe ninalitengua!”

“Ungekuwa hai, ungeweza.”

Watu walitikisa vichwa kukubali. Sheria ilieleweka hata kwa asiyejua kusoma. Gavana alikuwa anatafuta pumzi ya kutukana wakati Doña Jacinta alipopenya na kusimama mbele yake. Mikono yake ilikuwa imekunjamana kwa magadi. Nyuma yake walisimama wanawake wengine wa bondeni, wengi, shali nyeusi kwa shali nyeusi, na hakuna aliyefunua kichwa wala kumkaribisha.

“Niacheni nami nimuulize,” alisema. “Bwana, kama kweli u hai, mimi nakuamini. Na kama u hai basi ni gavana, na gavana anajibu. Mwanangu Crescencio alikwenda sarakasi, hakurudi. Tangu hapo nakuja hapa, naambiwa njoo kesho. Leo kila nyumba imeweka meza. Mimi sijaweka. Nikiweka picha yake mezani na kumbe anapumua, nimemuua mwanangu kwa mkono wangu. Nisipoiweka na kumbe hayupo, atakuja leo akute giza, mama yake hata maji hakumwekea.” Akaibana shali yake kifuani. “Niambie tu, bwana. Niweke au nisiweke?”

Wazee wakainamisha vichwa. Hata Fulgencio alitazama viatu vyake.

Don Baldomero aliwatazama wale wanawake. Hawakuwa na silaha. Walikuwa wanangoja tu, na kungoja kwao kulimtisha kuliko kamba ya Jenerali. Akafikiri haraka, kama alivyofikiri kila mara rais alipobadilika: gavana hai ana mengi ya kujibu, maiti hana hata moja. Akajiweka sawa koti.

“Mama,” alisema, “nasikitika. Nilikuwa natania. Mimi ni marehemu.”

“Umekufa kweli?”

“Kabisa. Kwa homa.”

“Unaapa?”

“Naapa mbele ya hadhara hii.”

Akashusha pumzi. Alijiona amepona, kama alivyopona mara tatu kabla.

Doña Jacinta hakuondoka. Alisogea mpaka akawa anaona vumbi kwenye kope zake.

“Basi umetoka huko,” alisema. “Umekaa nao tangu Julai. Je, Crescencio wangu umemkuta huko?”

Gavana alitazama mlango wa jiko. Maisha yake yote alikuwa na jibu la kila swali, na kwa hili hakuna Kamati iliyoliandaa. Kengele ya saa sita ilianza kulia, na hakuna aliyesogea kwenda kula. Wanawake walimkazia macho. Akayaona mabehewa, akawasikia wale vijana wakicheka, akamwona afisa wa reli na kofia yake mkononi.

“Yuko,” alisema, na sauti ilikuwa ndogo mno.

Mama yule hakulia. Alikuwa amekwishalia kwenye mazishi ya mawe. Aliingiza mkono ndani ya shali, akatoa picha ya kijana mwenye masikio makubwa, akaiondoa picha ya gavana kutoka katikati ya meza na kuilaza chini, akaisimamisha ya mwanawe mahali pale. Akammiminia kikombe cha maji.

Mwanamke wa pili akasogea mbele.

“Hilario Montes?”

“Yuko.”

“Na ndugu yake, Nabor?”

“Naye yuko.”

Picha zilitoka mifukoni, kwenye vifua, kwenye vitambaa vilivyofungwa mafundo. Asiyekuwa na picha aliweka kofia, au jozi ya viatu. Kwenye ngazi Fulgencio alingoja baraza la kumwapisha, lakini wajumbe walikuwa wamejiunga na foleni, maana wawili kati yao nao walikuwa na wapwa.

Jua lilikuwa limekwishapinda alipojibiwa mama wa mwisho. Don Baldomero alikuwa bado hajaonja kitu. Alipoona kwamba hakuna tena anayemtazama, alipeleka mkono taratibu kwenye tamale moja ya pembeni, iliyokwishapoa.

Doña Petronila akalivuta sinia.

“Hizo si zako tena, bwana,” alisema. “Hizo ni za vijana.”