Jiwe la Mpwa Wangu na Nyimbo Zangu Kumi na Moja

Jumatatu, 3 Juni

Nimepata wazo. Wazo lenyewe! Mwezi mzima mji unagombania jiwe lililofukuliwa kwenye mtaro wa maji, lenye umbo la kiti. Mtaa wa juu wanadai ni kiti cha mfalme wao. Mtaa wa chini wanadai ni cha mfalme wao. Hata salamu wamenyimana. Mimi nina duka la fotokopi, kinanda na kipaji. Nani mwingine wa kutunga tamthilia ya nyimbo? Tena anayelichimba ni mpwa wangu, mtoto wa dada, mtaalamu wa mambo ya kale. Ndiyo kazi ya kwanza anayoisimamia mwenyewe, na chuo kitampa ajira ya kudumu akithibitisha umri wa jiwe. Mke wangu amesema nimwache mtoto afanye kazi yake. Wivu.

Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda shimoni. Mpwa wangu kapiga magoti, anapangusa udongo kwa brashi ya rangi. Kamba kila upande, kama anataka kuanika nguo. Nikamuuliza jiwe ni la nani. Akasema hajui, huenda hata si kiti. Akaeleza kwa kirefu habari za mkaa ulioko chini ya jiwe: usiguswe, wiki ijayo atautoa punje kwa punje, ndio utakaosema umri. Nikawa naitikia ehe, ehe, huku natafuta neno lenye kina kimoja na "utukufu". Nimepata "tifutifu". Siku haikupotea.

Jumatano, 5 Juni

Kinyozi wa mtaa wa juu amekubali kuwa mfalme, mradi jiwe liwe la mtaa wa juu. Fundi cherehani wa mtaa wa chini naye amekubali kuwa mfalme, mradi liwe la mtaa wa chini. Nimewaahidi wote. Miisho miwili! Kinyozi anafanya mazoezi asubuhi, fundi alasiri. Siku ya onyesho nitajua la kufanya.

Ijumaa, 7 Juni

Balaa. Kiti cha maboksi nilichogundisha kwa mikono yangu kimebomoka na kinyozi juu yake, katikati ya ubeti wa tatu. Makalio ndani, miguu hewani, bado anaimba. Baada ya kunasuliwa akauliza kwa nini kiti halisi kiko shimoni na mwenyewe anakalia maboksi ya sabuni. Simpendi yule mtu, lakini swali ni zuri.

Jumamosi, 8 Juni

Mpwa wangu amekwenda chuoni kuchukua vifaa. Mlinzi wa shimo anaimba besi kwenye kwaya yangu. Kafungua lango mwenyewe. Saa sita mchana, wanaume wanane, jiwe juu! Kamba tumezikata, zilikuwa zinatutega. Chini ya jiwe pamejaa masizi meusi. Aibu, mtoto arudi akute uchafu ule? Nimefagia mwenyewe, nikamwaga maji, nikashindilia. Hapo ndipo utajua mjomba ana upendo.

Jumapili, 9 Juni

Onyesho! Ukumbi umejaa hadi madirishani. Mpwa wangu aliingia wakati wa wimbo wa nne. Hakupiga kelele. Alipanda jukwaani, akachungulia chini ya jiwe, akaniuliza mkaa uko wapi. Nikamweleza kwa fahari jinsi nilivyofagia. Akakaa sakafuni.

"Mjomba, sasa hakuna atakayejua," akasema. "Si mimi, si mtu mwingine yeyote."

Halafu kinyozi akaelewa: hakuna tena wa kumkanusha. Fundi, aliyekuwa nyuma ya pazia, naye akaelewa. Wote wawili wakalivamia jiwe, kila mfalme akakalia nusu, wakaimba miisho yote miwili kwa mpigo. Mitaa yote miwili ikasimama kupiga makofi. Mpwa wangu akatoka kwa mlango wa nyuma. Mtoto niliyemfundisha kuendesha baiskeli. Niliumia, nasema kweli. Nikainama kupokea makofi, nikapata nafuu.

Jumatano, 12 Juni

Dada amekuja. Hakukaa, hata chai hakugusa. Ajira ya chuo kapewa mtu mwingine. Mpwa wangu analia tangu Jumapili, na amekubali kazi ya muda mji wa mbali. Kwa hasira maneno yakamponyoka dada: kule wamefukua ukuta wa zamani, na wenyeji wameshaanza kuugombania. Nikauliza ni mji gani. Akasema ukoo mzima umekubaliana kutoniambia. Nimemgeukia mke wangu. Anajua, nimeona machoni, lakini kafunga mdomo.

Sawa. Wimbo wa ufunguzi nimeshaumaliza. Penye jina la mji nimeweka nukta nukta.