Cheni Mpya, Meno ya Zamani

Jumatatu, 4 Machi

Leo mwaka mmoja, miezi saba na siku tisa tangu nitoke nyumbani. Niliaga kwa miezi mitatu. Lakini kokoto zina kalenda yake.

Habari kubwa: msimamizi wa machimbo amenipa likizo! Siku nne, Jumamosi hadi Jumanne. Nimempigia mama watoto papo hapo. Amefurahi, kisha akanipa jipya: binti yetu wa mwisho, aliyezaliwa mimi nikiwa huku, ameanza kusema "baba". Kichwa kikavimba. Kumbe anaiambia simu. Akiona simu yoyote, hata ya jirani, anaibusu na kuiita baba.

Basi nakwenda kumwonyesha baba mwenye miguu. Nitaingia uani na pikipiki yangu, honi juu, shemeji naye aone. Huyo ni kaka wa mke wangu. Alikuja kusalimia siku mbili. Huu ni mwezi wa nane, na koti langu la mvua limeshamzoea.

Tatizo ni cheni. Imelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Fundi wa getini kaitazama, akasema nibadilishe vitu vitatu kwa pamoja: cheni na magurudumu ya meno yanayoizungusha, sproketi ndogo ya mbele na kubwa ya nyuma. Eti hao ni ndugu, huzeeka pamoja. Ukimleta kijana mmoja kati ya wazee, watamzeesha kabla ya siku zake. Maneno matamu. Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Nimenunua cheni tu.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata akili ambayo fundi hana. Kola ya shati ikichakaa, fundi cherehani huigeuza, upande mzima ukaja juu. Sproketi ina kosa gani? Meno yake yameliwa upande mmoja tu, yamejikunja kama kucha za kuku. Nimeifungua ile ya nyuma, nimeigeuza, nimeifunga. Sasa kucha zinatazama upande wa pili. Mpya kabisa!

Mwenzangu wa chumbani kanikuta najipongeza. Tunamwita Mswaki, maana kila Jumapili huchuchumaa nje akisugua cheni yake kwa mswaki mkuukuu na mafuta ya taa. Anaifuta, kisha anaitia oili tone kwa tone, pingili kwa pingili, utadhani anamwogesha mtoto mchanga. Mtu asiye na shughuli. Akauliza, na ile ndogo ya mbele je? Nikamwambia hiyo haina neno, ni ndogo.

Jumatano, 6 Machi

Cheni imeingia! Ncha zake huungwa kwa kibanio chenye umbo la samaki: kichwa huku, mkia wenye mpasuko kule. Mswaki, bila kuulizwa, kasema kichwa kielekee cheni inakokwenda, yaani mbele, la sivyo kitu kidogo tu kitamnasa mkia na atachomoka. Nikamjibu kwamba samaki nimeanza kuwala yeye hajazaliwa.

Juu kuna kifuniko, kinasumbua mikono. Nikafungia chini, pale cheni inapopita karibu na ardhi. Kichwa kikatazama tairi la mbele, kama bwana mkubwa alivyoagiza. Dakika tatu! Yeye angemaliza asubuhi nzima.

Alhamisi, 7 Machi

Leo matunzo. Mwenye matone na atie matone. Mimi nimejichotea grisi ya mashine ya kusaga mawe, mwendeshaji alipokwenda kunywa maji. Nimepaka kiganja baada ya kiganja. Matunzo ya mwaka mzima kwa siku moja!

Kufika jioni vumbi lote la machimbo limehamia kwenye cheni. Inafanana na mkia wa mbwa aliyelala jivuni. Mswaki kasema hapo sina grisi tena, nimetengeneza msasa. Wivu una sauti nyingi.

Ijumaa, 8 Machi

Cheni inasaga meno. Itazoea. Nimenunua viatu vya binti, vyekundu. Saizi nimeikisia kwa kidole gumba.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeondoka alfajiri, nikawapungia wote mkono kama waziri. Mlima wa kwanza, salama. Mlima wa pili nikasikia mlio chini ya mguu, kisha injini ikapiga kelele peke yake na pikipiki ikasimama. Nikageuka. Cheni yangu imelala barabarani.

Mama mmoja mwenye mzigo wa kuni akaiona, akadhani nyoka. Kaishukia kwa fimbo mara kumi hivi. Kisha akaniita kwa furaha: njoo baba, nimekuulia! Nikamshukuru. Ningefanyaje?

Vumbi la machimbo bado naliona pale nyuma. Na nani anatokea? Mswaki. Naye kapewa likizo, na njia ya kwao inapita mlangoni kwangu. Akashuka, akainama, kibanio hakipo. Akaniuliza nilikifungia wapi. Nikamwonyesha. Akachora barabarani kwa kidole: juu cheni inakwenda mbele, chini inarudi nyuma. Samaki wangu alikuwa anaogelea kinyumenyume tangu Jumatano. Hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma.

Akasema tuiache pikipiki kwa yule mama, nipande kwake, saa nne tuko kwangu. Nipande! Niingie kwangu nimemkumbatia mwanaume kiuno, shemeji amesimama mlangoni ndani ya koti langu! Nikakataa. Akasema, ndugu yangu, mtoto hataki pikipiki, anataka baba. Nikamwambia ashike mswaki wake. Nikampa vile viatu apeleke. Nikasukuma pikipiki hadi machimboni.

Jumapili, 10 Machi

Mama watoto kapiga. Viatu vinambana. Mswaki alikaa kidogo tu, akanywa maji, akaukaza mlango uliokuwa ukilia, na shemeji akamshikia spana. Shemeji! Kushika spana! Binti akampanda Mswaki magotini, akamshika kidevu, akamwita baba.

Mke wangu akanituliza: afadhali, sasa mtoto ameelewa kwamba baba si simu.

Jumanne, 12 Machi

Msimamizi kanikuta chumbani jana, akasema maadam nipo, nivunje mawe. Siku zangu zilizobaki amezisogeza hadi Jumamosi tarehe 30.

Mswaki karudi leo. Kaniletea kibanio kipya, na ujumbe wa mke wangu kwamba nikubali lifti. Tarehe 30 naye anakwenda tena, siti ya nyuma ipo. Nimemshukuru, nikamwambia aweke mzigo.

Maana nimekaa nikafikiri, na kosa nimeliona: grisi ilikuwa kidogo. Safari hii napaka mara mbili. Sproketi naigeuza tena, upande ule wa kwanza umeshapumzika vya kutosha. Kibanio nitakifungia palepale chini, ila nitakizungushia waya, nione samaki atachomokea wapi.

Nimempigia mama watoto. Jumamosi tarehe 30, saa nne kamili, nitakuwa uani. Saa tatu na nusu, cheni ikiwa imezoea.