Munezero Aondolewe Kwenye Kadi ya Harusi

Goma, Katindo, tarehe 5 Machi 2013

Kwa Papa Jumaine, mwenye imprimerie ya kuchapa kadi,

Heshima kwako na kwa nyumba yako yote. Mimi ni Muzee Harelimana, yule wa kadi za harusi ya binti yangu Umugwaneza. Nakuandikia kwa uchungu. Nilileta picha ya familia iwekwe juu ya kadi, na ombi langu lilikuwa dogo tu: mdogo wangu Munezero atolewe. Mpaka leo bado anacheka pale, mkono wake begani mwa marehemu mama yetu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kompyuta yako haijui kuchagua. Fatouma, mfanyakazi wako, alinieleza kwamba watu wa kwenye picha ameshawakata ndani ya kompyuta, na ukitaka kumshika mmoja unambonyeza kwa souris, kile kipanya cha mkononi, anazungukwa na vidoti. Vizuri. Akambonyeza Munezero. Vidoti vikamzunguka Munezero pamoja na mama! Nikamwambia abonyeze kwa nguvu zaidi, labda mashine haikusikia. Mama tena. Eti kwa sababu ya ule mkono, aliwakata pamoja, kwa hiyo sasa wote wawili ni kitu kimoja. Nani alimpa ruhusa?

2. Alipovuta kile kisanduku cha mistari kumzungushia Munezero, akanishika na mimi, kwa ajili ya kiatu changu tu kilichoingia ndani yake. Nikamwonyesha kwa kidole, pale pale kwenye écran, kioo cha kompyuta, ni yupi. Akaniomba nitoe kidole. Mimi, baba wa bibi harusi!

3. Papa Jumaine, tusidanganyane. Waasi walipoingia mjini Novemba iliyopita, walijua kuchagua. Kwenye avenue yetu nzima walichagua nyumba yangu, na ndani yake wakachagua televisheni, wakaniachia redio mbovu. Nani aliwafundisha souris? Hata volkano ya 2002 ilichagua: ilipita juu ya parcelle yangu, kiwanja na nyumba, ya jirani yangu Kamate ikaisaza mpaka na choo chake. Moto usio na macho unachagua, halafu mashine iliyoagizwa Dubai inashindwa! Aibu gani hii?

4. Usifikiri nina roho mbaya. Siku ile lava inashuka, nilimwambia Munezero aingie ndani atoe vitu vya maana. Ndani kulikuwa na cherehani yangu, suti yangu ya ndoa, karatasi za parcelle. Mwanaume akatoka na godoro! Godoro la majani la mama, kuukuu, linanuka mkojo wa wajukuu. Akalibeba kichwani mpaka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, watu wakitucheka njia nzima. Vingine vyote viliungua. Mutu asiyejua kuchagua kitu cha kubeba hana nafasi kwenye kadi ya mutoto wangu.

5. Kwa hiyo naomba Fatouma afukuzwe, kompyuta irudishwe Dubai, na kama hao wawili kweli hawaachanishwi, basi mama naye atolewe. Yuko mbinguni, ataelewa.

Nikingoja hatua yako ya haraka, nakuaga kwa heshima. Nisalimie Mama Kuluthumu, watoto, wafanyakazi wote, hata huyo Fatouma.

Muzee Harelimana

P.S. Fatouma aliomba picha yenyewe, kwa sababu niliyoleta ni kopi. Basi nimempigia simu dada yangu Dancille, anayeitunza, nikamuuliza ilipona vipi nyumba ikiungua yote. Alinicheka kwanza. Kumbe mama alikuwa akishonea picha zake ndani ya godoro, na Munezero peke yake ndiye alijua. Dancille anasema kule Gisenyi Munezero alijaribu kunieleza, nikamfukuza kabla hajalitua godoro. Picha hii ndiyo sura ya pekee ya mama tuliyobaki nayo. Barua nimeshaiandika, sirudii. Lakini mwambie Fatouma asiwaguse hao wawili, tafadhali. Nafasi ikiwa ndogo, anitoe mimi.