Memori Isiyotaka Vumbi

Watu wengine wakiamka huwaza watakula nini. Abdulatifu akiamka huwaza leo yeye ni kabila gani. Tabora alikuwa Mzaramo, Songea akawa Mndengereko, na popote alipofika alijifanya mtani wa wenyeji, kwa sababu aligundua mapema kwamba mtani haulizwi maswali mengi. Mtani hutukana, hutukanwa, watu hucheka, na mtu anayecheka mkono wake hauko mbali na mfuko. Kabila lake la kweli alilijua mama yake, naye aliishi Mbagala, hana haraka ya kulitaja.

Alishuka Kibiti mwaka ule daraja la Rufiji lilipokuwa likijengwa, begani ana mkoba mweusi. Ndani ya mkoba mlikuwa na vipande vya memori, alivyovichomoa kwenye kompyuta chakavu za maofisi yaliyobinafsishwa kule Dar es Salaam. Kila kipande alikibandika karatasi ndogo ya rangi ya dhahabu yenye picha ya radi. Memori zenyewe zilikuwa nzima, tena za kawaida kabisa. Kilichouzwa ghali ni radi. Alikuwa ametia humo kila alichokuwa nacho, hata pesa za redio ya mama yake aliyoiuza, na nia yake ilikuwa moja. Akizimaliza zote atapanga fremu ya duka Kariakoo, aandike jina lake juu ya mlango, awe tapeli mwenye anwani. Alikuwa amechoka kukimbia. Bila mkoba ule alikuwa mwanamume wa miaka arobaini anayelala kwa mama.

Kibiti siku hizo ilikuwa na homa ya barua. Kila mwenye nguvu alitaka kazi darajani, na kazi ilitaka barua iliyochapwa. Wanunuzi wa kamba wa baharini waliokuwa wakishuka Salale nao walitaka mikataba, maana soko huria lilikuwa limewafundisha kutoaminiana kwa maandishi. Karibu na kituo cha mabasi palikuwa na maduka mawili ya kuchapa, yametazamana kama wake wenza. Moja lilikuwa la Bi Mashavu, mjane mnene mwenye kicheko kinachosikika mpaka sokoni. La pili lilikuwa la Haruni, aliyeuza vitenge mpaka aliposikia kwamba kompyuta ina faida zaidi. Kila mmoja alikuwa na kompyuta moja, jenereta moja, na donge moja moyoni.

Abdulatifu alikunywa chai akiwatazama. Haruni alikuwa akichungulia pazia, akihesabu wateja wa Bi Mashavu. Bi Mashavu alikuwa akichungulia dirisha, akihesabu wa Haruni. Abdulatifu akamshukuru Mola kwa kuleta ushindani nchini, akalipa chai yake na kuvuka barabara.

Alimkuta Bi Mashavu kasimama nyuma ya Sabra, mpwa wake, aliyekuwa akichapa kwa vidole viwili huku akitafuta herufi kama mtu anayechambua mchele. Abdulatifu akajitambulisha: Abdulatifu Gama, Mngoni wa Songea, fundi wa kompyuta.

"Wangoni tena," alisema Bi Mashavu. "Mliwakimbiza babu zetu kwa mikuki, leo mmekuja na nyaya."

"Babu yako alikimbia mpaka mikokoni Salale, bibie. Ndiyo maana mpaka leo Wandengereko mnanuka kamba."

Bi Mashavu alicheka mpaka akakaa. Kiti kikaletwa, na kahawa nyuma yake, na mambo yakawa kama Abdulatifu alivyozoea. Akaeleza, kwa sauti ya daktari mwenye habari mbaya, kwamba kompyuta ya mtani wake ilikuwa na memori ya mwendo wa konokono, na kwamba dunia ilishahamia kwenye memori ya kasi. Bei yake ilikuwa mara tatu ya ile ya kawaida. Akafungua mkoba kidogo, radi zikametameta, akaufunga upesi. Memori ya kasi haitaki vumbi, alisema. Chembe moja tu ikigusa, kasi yote inapotea. Alisema hivyo ili asiwepo wa kuishika na kuibandua karatasi.

"Hiyo nyongeza ya bei itanipa nini?" aliuliza Bi Mashavu.

Lilikuwa swali zuri, na jibu lake la kweli lilikuwa fupi: hakuna. Mashine ile ilikwenda kwa mwendo wake yenyewe, hata ukiipa memori ya malaika. Tena barua za Kibiti hazikuwa zikingoja memori. Zilikuwa zikingoja vidole vya Sabra, na printa iliyokohoa kila ukurasa, na dizeli. Kama kompyuta ingesaidiwa na chochote, ingesaidiwa na memori nyingi zaidi, hata za kawaida. Yote haya Abdulatifu aliyajua vizuri. Tapeli asiyejua ukweli atauepukaje?

Badala ya kujibu, aliomba kukaa kwenye mashine. Akaifungulia programu kumi kwa siri, ikawa inatambaa. Akaizima, akachomoa memori iliyokuwamo, akachomeka yenye radi, akaiwasha. Kompyuta yoyote ukiizima na kuiwasha huamka na nguvu, na hii iliamka. Sabra akapiga makofi. Bi Mashavu hakupiga. Aliuliza kama Haruni anazo. Abdulatifu akajibu kwa huzuni kwamba Haruni ameshaagiza, kisha akachomoa radi yake, akarudisha ya zamani, akavuka barabara kwenda kumwambia Haruni kwamba Bi Mashavu ameshaagiza.

Jioni ile wote wawili walimwita faragha. Haruni alitaka zote, mwenzake asipate hata moja, na akaomba mpaka kesho akauze pikipiki. Bi Mashavu naye alitaka zote, akaomba mpaka kesho akauze mpunga wake ulioko Mbwara. Abdulatifu alilala gesti akilichagulia rangi jina lake la juu ya mlango.

Asubuhi ilikuja na msiba. Mzee Mtoro, mjomba wa Bi Mashavu, alifariki kijijini Mtunda, na Sabra akaja gesti na ujumbe: mazishi hayana ladha bila mtani, na mtani amepatikana. Abdulatifu hakutaka kwenda. Lakini mtani anayekimbia msiba si mtani, na mpunga ulikuwa haujauzwa. Akatwaa mkoba, akaenda.

Na kwa kweli aliuweza. Aliingia uani analia kwa sauti, akasema afadhali Mzee Mtoro kafa, maana wali wa Rufiji nzima ulikuwa karibu kwisha. Wajane wakacheka huku machozi yanawatoka. Akawaambia wachimba kaburi walichimbe refu, Mndengereko akisikia harufu ya samaki hufufuka. Bi Mashavu, macho yamemvimba kwa kilio cha kweli, alicheka naye akajifuta kwa upindo wa khanga. Kwa kitambo Abdulatifu aliona raha ambayo haikuwa ya wizi, akashangaa.

Wanaume walipoinua jeneza, naye akainua mkoba. Bi Mashavu, ambaye alikuwa akibaki nyumbani na wanawake kama ilivyo desturi, akamshika mkono.

"Mtani, makaburini kuna vumbi."

Abdulatifu akaukumbatia mkoba.

"Si mwenyewe umesema haitaki vumbi? Niachie hapa, juu ya mkeka."

Watu walikuwa wakitazama, na jeneza lilikuwa likienda. Akamwachia.

Kaburini alifanya lile ambalo watani hufanya. Kabla maiti haijashushwa aliruka ndani, akalala chali, akatangaza kwamba shimo hili ni la Wangoni na halitolewi bure. Sarafu zikaanza kudondoka. Abdulatifu, ambaye alikuwa ametafuta riziki katika mikoa mingi, hakupata kuona biashara tamu namna ile: unalala, unatukana, unalipwa. Alipopewa za kutosha alitaka zaidi. Shehe akakohoa mara ya kwanza, akakohoa na ya pili. Waliosema tamaa mbele, mauti nyuma, hawakufikiria mtu aliyelala ndani ya mauti yenyewe akidai nyongeza. Alitoka pale mifuko imejaa.

Aliporudi nyumbani mkeka ulikuwepo, wanawake walikuwepo, mkoba haukuwepo.

"Mtani," alisema Abdulatifu taratibu, "mkoba wangu."

"Tumeuchukua," alisema Bi Mashavu. "Umelala kaburini mwa mjomba wangu, umekula pesa za waliofiwa. Na sisi tumekula chako. Ndiyo utani."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Abdulatifu naye alicheka, kwa sababu mtani akikasirika utani umemshinda. Akauliza ukombozi ni nini. Ni zile za kaburini, akaambiwa, zote. Akakung'uta mifuko juu ya mkeka mpaka sarafu ya mwisho. Bi Mashavu akamwashiria Sabra, Sabra akaingia ndani, akaleta mkoba. Ulikuwa mwepesi. Haukuwa na kitu.

Abdulatifu akafungua mdomo. Bi Mashavu akamsogelea, akasema kwa sauti ya kusikiwa na yeye peke yake:

"Kama wewe si Mngoni, sema tu, mwanangu. Wanaume ndio hao wanarudi, na majembe bado wameyashika."

Akawaza juu ya mtu asiye mtani aliyelala kaburini mwa Mzee Mtoro na kuwachangisha waombolezaji. Akaufunga mdomo. Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani, na huyu wala hakuwa mjinga tangu mwanzo. Akala wali wa msiba, maana ulikuwa umeshapakuliwa.

Kesho yake alisimama kituoni Kibiti bila nauli. Duka la Bi Mashavu lilikuwa wazi, na kompyuta yake, iliyoongezwa memori mbili pembeni ya ile ya zamani, ilikuwa ikikimbia kuliko siku zote. Haruni akamwita Abdulatifu kwa mikono miwili. Alikuwa ameuza pikipiki. Alfajiri ile Bi Mashavu alimwuzia memori zote zilizobaki, kwa bei aliyoongeza kidogo kwa ajili ya majonzi, na sasa alitaka fundi wa kumchomekea. Nauli ya Dar es Salaam angempa.

Abdulatifu akapiga magoti mbele ya mashine ya Haruni, akachomeka mali yake mwenyewe kwa mikono yake mwenyewe. Aliishika kila radi kwa kidole gumba kabla ya kuiachia. Ng'ambo ya barabara Bi Mashavu alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea, anatazama.

Mashine ikazimwa, ikawashwa, ikaamka. Haruni alifurahi, halafu akaingiwa na wasiwasi, kama ilivyo kwa mtu aliyekwisha kulipa.

"Niambie kweli, kaka," alisema. "Nyongeza ile ya bei inastahili?"

Abdulatifu alizitazama zile memori, akaikumbuka fremu ya Kariakoo na redio ya mama.

"Ningekuwa na uwezo," alisema, "mimi mwenyewe ningekulipa mara mbili uniachie."

Machozi yalimlengalenga, na Haruni, kwa kuyaona, aliamini kabisa. Akampa nauli, na Abdulatifu akapanda basi la kwenda Mbagala na mkoba wake mtupu.