Kuingia na Kutoka

Jumamosi, tarehe 3 Mei

Vipeperushi viwili mezani. Meli mbili, mfereji mmoja, wasafiri kumi. Tunapiga kura kesho. Mwisho wa kubadilisha majina kwa wakala wa safari ni Ijumaa, saa kumi kamili jioni.

Safari yenyewe ni ya mke wangu. Kafundisha jiografia miaka thelathini na mmoja. Kila mwaka kachora ubaoni ule mfereji mkubwa unaounganisha bahari mbili: meli inaingia chumba cha maji, lango linafungwa nyuma yake, maji yanajazwa, meli inapanda. Hajawahi kuuona kwa macho. Alipostaafu alisema anataka jambo moja tu. Asimame mbele ya meli, lango la mwisho lifunguke, aione bahari ya pili. Walimu wenzake saba wastaafu wakasema hawabaki. Mdogo wake, yaani shemeji yangu, akajialika. Mimi nikajiteua mratibu.

Nani mwingine? Mimi maji nayajua. Nimesoma mita za maji za mji huu miaka ishirini na minane.

Meli ya kwanza nimeipa jina Kasri. Ghorofa kumi na nne, bwawa juu, bendi chini. Ya pili nimeiita Kibiriti, na haihitaji maelezo. Kipeperushi cha Kasri kimeandika "Mfereji: kuingia na kutoka". Safi. Unaingia upande huu, unatoka upande ule. Cha Kibiriti kimeandika "Mfereji: moja kwa moja". Yaani haisimami! Mtu kasubiri miaka yote hiyo, halafu apitishwe mbio bila hata kugeuza shingo.

Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Anayeleta watu kumi kwenye Kasri anakuwa Kiongozi wa Msafara. Kofia nyeupe, beji, na mlo mmoja meza moja na nahodha. Kibiriti haina kofia.

Shemeji anaitetea Kibiriti. Basi ni Kasri.

Jumapili, tarehe 4 Mei

Simu tangu asubuhi. Nimempigia kila mwalimu nikamwambia wale sita wengine wameshachagua Kasri. Kufikia saa sita mchana ilikuwa kweli.

Kura saa tisa, sebuleni kwetu. Mke wangu alikusanya karatasi kwenye kopo lake la zamani la chaki. Kwanza Shemeji alisimama robo saa nzima kueleza kwamba meli nyembamba inapita karibu zaidi na kuta. Nilimwachia. Kasri tisa, Kibiriti moja. Nikamtazama Shemeji kwa muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu. Yeye akatazama dari.

Majina yote kumi nimeyatuma kwa wakala papo hapo, kabla chai haijapoa.

Wakati wa kukusanya vikombe mke wangu aliniuliza kama nina hakika Kasri inatokea bahari ya pili. Nikamsomea: kuingia na kutoka.  Kisha akafungua droo, akanipa kibunda cha uzi mwekundu na pini, akasema Jumatano walimu wakija tena niwaonyeshe njia yetu kwenye ramani yake ya ukutani. Anajua kumpa mtu heshima yake.

Jumatatu, tarehe 5 Mei

Asubuhi mke wangu alitoka, akasema anakwenda dukani. Karudi mikono mitupu. Sikuuliza, nilikuwa na ramani.

Pini ya kwanza, bandari ya kuondokea. Ya pili, ya tatu. Ya nne, mdomo wa mfereji. Ya tano, ziwa lililo katikati. Ya sita, bandari ya siku inayofuata. Bandari hiyo iko kule kule tulikotoka. Nikadhani ramani ni ya zamani. Nikatoa pini zote nikaanza upya. Uzi ukaingia hadi ziwani, ukageuka, ukarudi.

Nikajifungia bafuni, nikafungua bomba ili nisisikike, nikampigia wakala. Akanieleza kwa upole wa watu waliozoea wazee. Kasri inaingia lango la kwanza, inapanda hadi ziwani, inakaa nusu siku na muziki, inageuka, inatoka mlango ule ule. Kuingia, akasema. Na kutoka. Nikauliza ni ipi basi inayotokea ng'ambo. Ile nyingine, akasema, inayokwenda moja kwa moja.

 Nikauliza kama Kibiriti bado ina nafasi. Tisa, akasema, na kuhusu hizo tisa kuna jambo angependa nilijue. Hapo mke wangu akagonga mlango. Nikakata simu.

Nafasi tisa, nasi tuko kumi. Hiyo ndiyo habari pekee nzuri ya leo, kwa sababu wa kumi ni Shemeji.

Ningeweza kumwambia mke wangu. Nimelifikiria hilo, nakiri, kama dakika mbili. Lakini nikimwambia atajua, na akijua Shemeji atajua, nami nitaitwa Kuingia na Kutoka mpaka nife. Wanaokiri ni watu wasio na mpango. Nitawahamisha wote kwenda Kibiriti kimya kimya, kila mmoja akidhani ni wazo lake.

Nikamwambia mke wangu uzi umepotea. Akaleta kibunda kingine, akasema nyumba hii haina shida ya uzi.

Jumanne, tarehe 6 Mei

Siku tatu zimebaki. Mpango: kuichafulia Kasri jina.

Nimeanza na aliyekuwa Mwalimu Mkuu wao, mama mkali ambaye hata mimi, niliyesoma shule nyingine, hunyoosha mgongo mbele yake. Nikamnong'oneza kwamba ndani ya Kasri kuna ukumbi wa kamari. Akavua miwani. Akauliza unafunguliwa saa ngapi.

Nikaenda kwa mwalimu wa hesabu. Nikamwambia kule kuna watu elfu tatu, kelele tupu. Akasema tangu wanawe waondoke anaishi na redio, elfu tatu zinamtosha.

Kwa mwalimu wa muziki nikasema bendi hailali. Akaanza kupasha koo.

Nimerudi nyumbani miguu inauma, Kasri ikiwa inapendwa kuliko jana. Mke wangu alikuwa anasafisha beseni kubwa la nguo na kukata maboksi ya maziwa. Nikauliza ni ya nini. Ya kesho, akasema.

Jumatano, tarehe 7 Mei

Sitaki kuandika. Naandika.

Walimu walijaa sebuleni, Shemeji kwenye kiti changu. Ramani ilikuwa tupu. Nilikuwa nimejiandaa kusema kidole kimechomwa na pini, hata bandeji nilishaifunga. Mke wangu hakuitazama ramani. Aliweka beseni mezani. Ndani yake kaviweka vyumba vitatu vya maboksi, halafu sehemu pana ya ziwa, halafu vyumba vitatu vya kushukia. Kamwaga maji kwa kikombe, chumba baada ya chumba, na kimashua cha karatasi kikapanda mbele ya macho yetu. Miaka thelathini na mmoja kafanya hivi darasani. Maji mengine yalimwagikia mezani. Nilitambua kwamba furaha nayo humfanya mtu amwage maji, na moyo ukaniuma.

Kimashua kilipofika ziwani alisimama. Akanigeukia, mbele ya wote, akaniomba nikichukue mimi na kukipeleka njia ambayo Kasri itakwenda.

 Maji yalikuwa yanadondoka kutoka ukingo wa meza. Kulia, bahari ya pili. Kushoto, tulikotoka. Nilishika kimashua kwa vidole viwili, bandeji ikalowa.

Nilikipeleka kulia.

Wakapiga makofi. Mwalimu Mkuu alisema vizuri. Mke wangu alifuta mikono kwa kitambaa, akasema ahsante, akaanza kumwaga maji. Yeye hakupiga makofi. Nadhani mikono ilikuwa bado na maji.

Alhamisi, tarehe 8 Mei

Hali ni mbaya kiasi kwamba nimekwenda kwa Shemeji kwa miguu yangu. Nilimkuta ananyoa ndevu, shavu moja limekwisha. Nikamsihi aanze upya kampeni yake ya Kibiriti, safari hii nami nikiwa nyuma yake.

Akakataa. Kumbe vitanda vya Kibiriti ni vifupi, na Shemeji ana miguu kama ngazi. Alikiri kwangu kwamba Jumapili alibishana nami kwa mazoea tu, kisha akapigia Kasri kura, kwa ajili ya kitanda.

Nikahesabu tena. Mimi Kasri, Shemeji Kasri, walimu saba Kasri. Kura ile moja ya Kibiriti ilipigwa na nani? Nimeshindwa kupata jibu. Huenda karatasi ilikunjwa vibaya.

Akauliza kwa nini nimebadilika. Nikamwapisha, nikamweleza yote. Alisimama na wembe hewani mpaka povu likakauka. Kisha akasema, "Shemeji, nenda kamwambie dada. Leo." Nikasema nitamwambia Ijumaa saa kumi na robo, mambo yakishanyooka. Akatikisa kichwa akajikata.

Jioni mke wangu alikuwa anakata vitunguu. Bila kuinua kichwa akauliza kama kuna jambo lolote ningependa kumwambia kabla ya kesho.  Sentensi ilikuwa hapa, kwenye ulimi, fupi kabisa.

Nikamwambia kisu ni butu.

Akasema ndiyo, anaona. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini ni vitunguu.

Ijumaa, tarehe 9 Mei

Mpango wa mwisho, na ulikuwa mzuri. Nifike kwa wakala nusu saa kabla, nijifanye nimetumwa na wote, nihamishe majina tisa kwenda Kibiriti, Shemeji abaki na kitanda chake. Nyumbani niseme Kasri imeharibika injini.

Saa tisa na nusu nilisukuma mlango. Kwenye viti vya kusubiri walikuwa wamekaa mke wangu na Shemeji. Shemeji alikuwa na plasta kidevuni.

Nikasema nimekuja kuhakiki tahajia ya majina.

Wakala alifungua daftari. Akasema jambo alilotaka kuniambia Jumatatu ni hili: nafasi tisa za Kibiriti zilikwisha shikwa asubuhi ile. Mke wangu alikuja mwenyewe. Walimu nane, yeye na wenzake saba, ambao aliwaeleza ukweli juzi baada ya kumwaga maji ya beseni. Majina yao yalikuwa kwa kalamu ya wino. Mstari wa tisa ulikuwa na jina langu. Kwa penseli.

Saa ya ukutani ilikuwa kumi kasoro dakika nane. Mke wangu akanigeukia kama alivyonigeukia juu ya lile beseni. Akauliza, kwa sauti ndogo, kama kuna jambo ningependa kumwambia.

Nilimtazama wakala. Nilitazama penseli. Shemeji alikuwa ananikazia macho, midomo yake inacheza, ananisaidia kutamka. Niliona haya ambayo sijapata kuiona tangu nizaliwe. Nikafungua kinywa nikasema herufi moja ya jina la Mwalimu Mkuu imekosewa.

Haikukosewa.

Kumi kasoro dakika tatu. Shemeji akasimama. Akamwambia dada yake kwamba aliipigia Kasri kura kwa ajili ya kitanda, kwamba tangu jana anajua Kasri inageukia ziwani na hakusema, na kwamba anaomba radhi. Ndiyo hivyo tu. Haikufika nusu dakika.

Mke wangu alisema jambo moja kwa wakala: aandike jina la mdogo wake. Wakala alichukua kifutio. Kilitoa sauti ndogo, kisha akapuliza vumbi.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na yeye. Aliniambia Jumapili nilikosea neno tu, na darasani neno halikuwahi kumkasirisha. Asiyejua alimfundisha. Aliyejua na kunyamaza, huyo hakuwahi kumuweza. Akasema penseli ile ilimuuma zaidi kuliko ilivyoniuma mimi. 

Jumamosi, tarehe 10 Mei

Kofia imefika. Wakala alisema msafara wa mtu mmoja hauna kiongozi, lakini kasha lilishafunguliwa, nikaichukua. Meza ya nahodha imefutwa. Siku ya mfereji meli zote mbili zitakuwa ziwani. Nitasimama juu kabisa na kofia nyeupe ili mke wangu anione. Kibiriti itaendelea mbele, nasi tutageuka.

Usingizi haukuja, lakini akili ilifanya kazi. Nimeona nilipokosea. Nilishirikisha watu wengi mno. Mwakani ni miaka arobaini ya ndoa yetu, na kuna safari nyingine, nzuri ajabu: "Meli itapita visiwa saba." Mke wangu anapenda visiwa. Nitamshtukiza. Nimempigia wakala asubuhi hii nikaandikisha majina mawili, yangu na yake, kwa wino. Hakuna kubadilisha. Wakala aliniuliza mara mbili kama nimelielewa vizuri neno "itapita". Nilimjibu kwamba Kiswahili nilikijua yeye hajazaliwa.

Mke wangu ameingia sasa hivi na chai. Ameniona na simu mkononi. Ameuliza kama kuna jambo ningependa kumwambia.

Nimemwambia kofia inabana.